Mshono wa Nyangao

Niliruka kupiga kichwa. Mpira niliupata.
Kutua ndiko kulikonishinda.
Paa! kama mshono wa makalio unavyoachia
kwenye suruali ya mtu mnene,
nikacheka, wallahi, kabla sijalia,
maana pia ya goti ilikuwa imepanda pajani
na mahali pake pamebaki shimo la kidole gumba.

Tulikuwa tunagombea mbuzi.
Sisi wa Mtama tulikuwa mbele, mbili kwa moja.
Mbuzi mwenyewe kafungwa nyuma ya goli, anatafuna wavu.

Mjomba Chinguile akasema ni mshipa, tukande.
Tukakanda siku tisa.
Siku ya kumi nilijaribu kukanyaga cherehani:
mguu wa kulia ukaning'inia kama mkono wa koti
lisilo na mtu ndani.

Mama akauza korosho kabla ya mnada, kwa kangomba,
kilo kwa bei ya aibu.
Nikapelekwa Nyangao kwa bajaji,
mguu umefungwa kwenye rula yangu ya mita.

Walinichoma sindano ya mgongo.
Kiuno kushuka chini nikawa mgeni;
juu nikabaki fundi.
Katikati pazia la kijani. Nasikia keekee ikitoboa mfupa,
harufu kama ya ukucha uliochomwa.
"Daktari, uzi namba ngapi?"
Daktari Nandonde akanyamaza, akamaliza kuhesabu matundu.
"Mnene. Hauozi."
"Na mshono?"
"Naenda, narudi, nafunga. Kano yako imechanika kama ufagio.
Ukishika pembeni inaachia. Unaingia ndani, penye uzima."
Nikaitikia kwa kichwa.
Kitambaa kilichofumuka, hata mimi siamini pindo lake.

Wiki sita mguu umenyooka kama ufito.
Kisha nyuzi thelathini,
ndivyo wanavyopima kukunja, kwa nyuzi,
neno langu la dukani.
Sista Asumini ananikunja, anasema bado, bado,
nami namtukana kimoyomoyo kwa Kimwera.
Sitini: nikachuchumaa nusu, nikashika ukuta.
Tisini ilikuja siku ya mvua, bila shangwe.

Leo kanyagio linashuka, linapanda.
Goti linalia kidogo, kama bawaba.
Nashona jezi namba nne.
Si yangu. Ni ya Chilumba, mtoto wa juzi,
anaruka kuliko nilivyoruka mimi.
Mabegani nimempigia mshono mara mbili.
Bukta haifiki magotini;
huko sina la kumshonea.