Kiatu cha Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri Mama Kwilasa alituma ujumbe:
Msiba Magu. Nisamehe, mwanangu.
Nikakaa kitandani, simu mkononi,
nikahesabu watu ninaowajua mjini humu
kama mtu anayehesabu chenji akijua haitoshi.
Dada yuko zamu ya usiku, kwenye minofu ya samaki,
hatoki mpaka saa nne. Usaili ni saa tatu.
Baba Limi, tumwache huko huko Geita aliko.

Basi nikamfunga Limi mgongoni
juu ya blauzi niliyoipiga pasi mara mbili,
tukashuka Mabatini kwa ngazi za mawe,
vyeti ndani ya bahasha, uji ndani ya chupa,
na pimbi juu ya jabali wakitutazama
kama wajumbe wa kamati.

Kiwanda cha nyavu, Igogo. Karani wa stoo, nafasi moja.
Kwenye benchi tulikuwa kumi na mmoja,
tumekaa wima kama soda kwenye kreti,
hakuna aliyemsalimu mwenzake kupita ilivyo lazima.
Mlinzi akamtazama mtoto, akatazama daftari lake.
"Na huyu nimwandike?"
Mwandike, nikasema. Andika: msaidizi.
Hakucheka mtu.

Limi akaanza kulia, kile kilio chake cha kupanda ngazi.
Mwanamke wa kushoto kwangu, mwenye sketi ya kijani,
akanyoosha mikono bila kunitazama.
"Mlete. Wewe soma karatasi zako."
Ndivyo mtoto alivyohama paja hadi paja:
akamvuta tai kijana wa Nyegezi,
akamtemea uji mtu mwenye shahada mbili,
akarudi kulala kwenye sketi ya kijani.
Jina langu likaitwa.

Ndani walikuwa watatu, na feni isiyozunguka.
"Hapa pana pengo," akasema mwenye miwani,
kidole juu ya miaka miwili ya maisha yangu.
"Ulikuwa wapi?"
Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea,
lakini fomu haikuwa na kisanduku cha wahenga.
Nilikuwa natunza stoo, nilitaka kusema:
unga, sabuni, dawa ya kikohozi, usingizi,
najua kilichobaki cha kila kitu, hata gizani.
Nikasema, "Nyumbani."
Akaandika neno moja. Sikuliona.

Nilipotoka, sketi ya kijani haikuwapo.
Wala mtoto.
"Ameitwa," akasema kijana wa tai. "Kaingia naye.
Alikuwa amelala, hakutaka kumwamsha."

Nikasimama mlangoni dakika kumi na saba
nikiusikiliza usaili wa mtu mwingine,
nikiomba mawili kwa pumzi moja:
mwanangu asiamke.
Na huyu mama asipate.
La pili nililiomba nikitazama chini.

Akatoka na Limi begani,
ute umemchorea ziwa zima kwenye blauzi, na visiwa vyake.
"Wameniuliza ni wa nani."
"Ukasemaje?"
"Nikasema kwa sasa ni wangu."
Anaitwa Nyanzobe. Ana wake watatu, Igoma, kwa bibi yao.

Alhamisi simu ikaita, namba ngeni.
Nilifuta mikono kwenye kanga,
nikakohoa, nikatafuta sauti ya ofisini.
Hawakuwa wao.
"Kiatu cha kushoto kimo mkobani mwangu.
Namba nimeipata kwa mlinzi. Aliandika kweli, unajua?
Limi, msaidizi. Na saa aliyoingia."
Tukacheka, kisha tukanyamaza,
kila mmoja akingoja mwenzake aulize.
"Bado," nikasema.
"Hata mimi bado."
Nyuma yake watoto waligombania kitu,
mfuniko wa sufuria ukaanguka, ukazunguka, ukatulia.
"Njoo nacho Jumamosi," nikamwambia.
"Na usile kwanza."