Inchi Mbili

Kiunoni ishirini na nane, nikaandika.
Mkurugenzi akachungulia juu ya bega langu:
Andika ishirini na sita.
Nikamwambia, futi kamba haijui kusema uongo.
Basi ifundishe, akasema, akaenda zake.

Tulikuwa Walukuba, Jinja, kwenye ghala la nyuzi lililokufa,
lakini karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema
huu ni mwaka elfu mbili mia tatu tisini na moja.
Malaria imekwisha. Mipaka imekwisha.
Watu wanakunywa maji yaliyokingwa mkiani mwa kimondo,
na chombo chao kinaongozwa na mwanamke.
Nahodha.
Ambaye saa nne kila asubuhi, mwaka huohuo,
aliulizwa kama chai ya wanaume iko tayari.

Jina lake Apolot, binti wa mwalimu wa hesabu wa Ngora.
Alikariri maneno yake na ya wenzake
na bado akabaki na nafasi kichwani ya kujua
nani anadaiwa, na tangu lini.

Wanaume niliwashonea mifuko sita kila mmoja.
Wake? nikauliza.
Angani hakuna duka, wakajibu, wakagongana viganja.
Ndani ya kofia yake wakaniambia nitie taa ndogo ya betri,
imulike midomo.

Ikafika sehemu ya nne.
"Geuzeni chombo!" lilikuwa neno lake.
Wakalifuta kwa kalamu nyekundu, wakampa roboti.
Roboti ni madebe ya mafuta ya kupikia, rangi ya fedha,
na ndani yake Waiswa, mlinzi wetu wa mchana,
jasho likimchuruzika hadi kwenye soksi.
Alikuja kwangu kuazima sindano, akasema kwa aibu:
Mama Kagoya, mimi nimepewa kurasa nne.
Yeye amepewa kushtuka.

Kushtuka.
Nilihesabu, siku moja, mara kumi na moja.
Ya kumi na moja haikuwa ya kuigiza.
Ule mkono haukuandikwa popote kwenye hadithi.
Nilikuwa na pini mdomoni. Sikuzitema.

Na mwisho wa mwezi bahasha zilipofunguliwa
debe lilimzidi nahodha kwa elfu sitini.

Nilishona ishirini na sita. Nakiri.
Nina watoto watatu na cherehani ya mkopo.
Lakini fundi ana dini yake:
zile inchi mbili sikuzikata. Nilizikunja ndani ya mshono,
nikazilaza pale kama mtu anavyolaza mbegu juu ya meko,
bila kumwambia yeyote, hata mwenye kiuno.

Usiku wa sehemu ya tisa umeme ulikatika.
Sayari zote zikazimika, na jokofu la soda.
Wanaume wakatoka kutafuta rolekisi.
Apolot akakaa sakafuni, zipu imemng'ata ubavuni,
akasema neno moja tu: Fumua.
Tukawasha ile taa ya midomo.
Nikafumua kwa wembe, uzi baada ya uzi,
yeye akishika kofia kama mtu aliyeshika karabai,
na hatukuzungumza juu ya mkono.
Tulizungumza juu ya Ngora, juu ya mtama, juu ya baba yake
aliyekuwa akichapa ubao, si watoto, jibu likiwa sahihi.

Asubuhi akavaa. Akavuta pumzi hadi chini kabisa.
Kamera ikaanza kuzunguka. Kimondo cha karatasi kikashushwa kwa kamba.
Ikafika zamu ya roboti.
Debe likanyamaza.
Likanyamaza tena.
Nikaona magoti ya Waiswa yakitetemeka ndani ya bati.

"Geuzeni chombo," akasema Apolot.
Hakupaza sauti. Alisema kama anayemwambia mtoto afunge mlango.
Na vijana wa kusukuma chombo, sijui kwa nini, wakakigeuza.

Kata! akafoka mkurugenzi. Kata! Kata!
Nikaangalia mkasi wangu. Ulikuwa mezani, umefungwa.
Siku hiyo sikukata kitu.

Sehemu ya tisa haikurushwa.
Waiswa sasa analinda benki, Iganga.
Mimi nililipwa nusu, cherehani bado ina deni,
na katika daftari langu la vipimo, kwa wino,
nimefuta ile sita.