Mkono Mtupu

Machi. Barafu ya Ziwa Baikali imefika unene wa mita moja
na usiku inanguruma kama tumbo la mgonjwa.
Naitwa Zorigto. Kazi yangu ni winchi.
Majira saba sasa nateremsha matufe ya kioo gizani,
moja baada ya jingine, kwenye waya unaozidi kilomita.
Kila tufe lina jicho ndani.
Kila jicho linatazama chini.

"Chini?" niliuliza mwaka wa kwanza. "Si nyota ziko juu?"
Zinaida Arkadyevna alivua glavu kwa meno,
maana mkono wa pili ulishika kikombe,
akasema: "Tunamsubiri apitaye katikati ya dunia
bila kubisha hodi."

Nyutrino.
Haina chaji, na uzito wake bado ni wa kukisia.
Jua hutumwagia bilioni sitini kila sekunde
juu ya ukucha mmoja wa kidole gumba.
Usiku pia: jua likiwa kwa wenzetu wa upande wa pili
zinatokea chini ya kitanda,
zinapenya mwamba, godoro, ndoto,
zinakwenda zake.

Ila mara mojamoja, moja hujikwaa.
Kiini kimoja cha maji hugutuka,
na kinachochomoka hapo hukimbia ziwani
kuushinda mwanga, kwa kuwa majini hata mwanga huchoka.
Nyuma yake hubaki mwali wa samawati,
mfupi kuliko kope.
Huo tu ndio tunaovua.

Usiku wa tufani, jenereta imezima,
nilimwuliza: na sisi je, tumeumbwa kwa nini?
Akachora kwa kijiko juu ya meza.
Chukua ziwa, ufukwe hadi ufukwe, liwe atomu moja.
Kiini chake ni hiki kibanda chetu cha winchi.
Na kwingine kote?
Kwingine kote ni elektroni, alisema,
nazo hazipo hapa wala pale;
zimeenea kama tetesi.

Na ndani ya kibanda, protoni;
na ndani ya protoni, kwaki tatu zisizoachana.
Uzivute, kamba inakaza.
Uzidi kuvuta, ikatike,
kila ncha inazaa mwenzake palepale.
(Waya wangu ukikatika, nalipa mimi.)
Kwaki zenyewe ni nyepesi mno. Katika kilo mia za kitu chochote,
kilo moja hivi ndiyo wao.
Zilizobaki ni ghasia:
ni kule kuvutana, kule kukimbizana bila kupoa.

Nikampigia mama, aliyeuza samaki stesheni ya Slyudyanka
miaka thelathini na mmoja.
"Kwa hiyo Gerasim wa kibanda cha tatu,
aliyechezea mizani, alikuwa ananipunja hewa?"
Si hewa, mama. Mwendo.
Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikichemka kwake.
"Basi mwendo huo," akasema, "ndio ulionivunja mgongo."

Zinaida aliondoka Aprili, kabla barafu haijawa laini.
Alikuwa amestaafu; hakutaka keki.
Tulipeana mikono bila glavu, baridi ya kukausha mate,
nami nikakumbuka somo lake lingine:
hakuna kilichowahi kugusa kitu.
Elektroni zangu zinazikataa zake,
na kule kukataana ndiko tunakokuita kushikana.
Pengo lilikuwepo, basi. Sikuliona.
Niliona kiganja chenye sugu mbili na wino.

Watu husema mkono mtupu haulambwi.
Nimekaa nje ya kibanda, winchi imelala,
natazama mkono huu: ziwa ndani ya ziwa,
na vibanda vichache vyenye ghasia.
Sijui mkono usio mtupu ukoje.
Butuz, mbwa wa kambi, anakuja akichechemea,
ananusa grisi,
analamba.