Kilo Saba

Majira yote ya baridi tulikuwa tunapunguza.
Vishikio vya milango tulivitoboa kama chekeche,
zulia tukang'oa, kiti cha abiria tukampa jirani
akakiweka barazani anywee bia.
Mama alipima hata boliti, moja moja,
kwenye mizani ya unga ya marehemu bibi,
akaandika gramu kwa chaki ukutani mwa gereji,
akaacha na sukari kwenye kahawa yake.
Miaka sitini na mmoja, Vlasta Kubicek,
mshona mapazia wa Wilber, Nebraska,
dereva wa robo maili.

Kati ya injini na magoti yake
palikuwa na bamba la alumini, jembamba,
ukiligonga linacheka.
Palikuwa na tundu pia, la bomba la hita
tuliyoitoa Januari. Nililifunika kwa utepe
nikasema baadaye.
Baadaye ni neno jepesi. Halina gramu.

Juni, kwenye njia ya zamani ya ndege,
mahindi yamefika kiunoni pande zote,
akaja Bwana Teply na ubao wake wa ukaguzi.
Zimamoto mstaafu, sikio moja limekunjamana
kama jani la tumbaku.
Hakuuliza kitu. Alitoa penseli mfukoni
akaisukuma kwenye utepe.
Penseli ikapita.
Ikatokea upande wa pili, ikamgusa mama goti.

"Hapa," akasema, "ndipo moto utakapopiga hodi.
Na hautangoja karibu."

Ukuta wa moto, ndivyo unavyoitwa,
na jina lenyewe lina hila:
waweza kuwa ukuta uzuiao moto,
waweza kuwa moto uliosimama kama ukuta.
Mama akasema ni tundu dogo.
Akasema alumini nayo ni ukuta.
Ni ukuta, Teply akajibu, mpaka siku ya moto;
siku hiyo ni supu.
Tukarudi nyumbani, gari juu ya trela,
maili arobaini, redio imezimwa.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwahi kuketi nyuma ya injini kama ile.
Pale usipoziba ufa, hajengi mtu.

Nilikata chuma usiku uleule.
Riveti kila inchi mbili,
kila waya na mpira wake, kila upenyo na kizibo chake.
Mizani ya unga haikuliweza.
Mama akapanda ile ya bafuni
amelikumbatia bamba kama mtoto aliyelala,
akatoa uzito wake mwenyewe, kwa sauti.
Kilo saba zaidi ya lile la zamani.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
mimi nilikuwa nimesimama tu na nyundo.

Wiki mbili baadaye akashindwa
na kijana wa Beatrice, Corwin Ostdiek,
kwa sehemu kumi na moja za elfu ya sekunde.
Hesabu naijua. Naye anaijua.
Kilo saba, ukizigeuza kuwa muda, ni kumi na tano.
Hakusema. Alivua glavu, akala mkate wa mbegu za popi
amesimama, akitazama mahindi.

Agosti nikafungua mbele, nibadilishe bomba la mafuta.
Upande wa injini, pale palipokuwa na tundu,
masizi. Doa refu kama kiganja,
rangi imevimba kama utando wa maziwa jikoni.
Hatujui ni siku gani. Labda ileile.
Labda ulimi mmoja tu, nusu sekunde,
ukapiga hodi, ukakuta chuma, ukaenda zake.

Nikamwita. Akavaa miwani.
Akapitisha kidole, akakipangusa kwenye aproni.
Kisha akazunguka, akafungua mlango, akaketi,
akatazama upande wake wa bamba:
rangi nyeupe, safi,
na kikaratasi alichokibandika mwenyewe:
uzi mweusi, mayai.

Alikaa humo mpaka kahawa ikapoa.
Akauliza kama chini, penye gia,
pana nafasi ya bamba jingine.
Kilo nne, nikamwambia.
Akaomba sukari.