Arobaini ya Kadi

Niliiona tarehe, nisiseme uongo.
Imeandikwa kwa tarakimu ndogo kando ya picha yangu,
ile niliyokatazwa kucheka.
Lakini simu ililia saa tisa ya usiku,
kaka yangu Shebughe akasema "Mama," akanyamaza,
na nani husoma kadi akiitwa namna hiyo?

Nilifika Muheza udongo umeshakauka juu yake.
Wiki moja baadaye kadi nayo ikafa,
kimya, ndani ya pochi,
bila mtu wa kuiosha wala kuisalia.

Dar, kaunta ya ndege, kijana mwenye tai
aliigeuza mara mbili kama samaki wa jana.
"Imekwisha, dada. Mfumo unakataa."
Nikamwambia: iliyokwisha ni kadi, mimi bado.
Nina kitanda kule, nina deni la gari,
nina zamu ya Jumatatu, nyanya hazingoji.
Akasema ipo hati ya safari moja,
uiombe, ulipe, usubiri,
majuma mangapi hajui.
Alisema kwa upole.
Upole haumpandishi mtu ndege.

Sasa sikiliza sheria na ucheshi wake:
ndege isikubebe, basi lisikubebe, treni isikubebe,
lakini gari la rafiki, lenye kioo kilichopasuka
na harufu ya mbwa, hilo ruksa.
Nilikuwa na viza ya Marekani, nzima,
niliyoiombea harusi ya binamu kule Columbus,
harusi iliyovunjika kabla ya wali kuiva.
Ndiyo iliyonifikisha Detroit.

Tumsifu alinipokea na koti la ziada.
"Umekonda," akasema, hakuuliza zaidi.
Tukaingia handakini, mto mzima juu ya vichwa vyetu
na sikuusikia.
Katikati, ukutani, bendera mbili na mstari;
redio ilikuwa imeshakata.

Windsor. Kibanda, dirisha, mwanamke mwenye miwani.
Nikamkabidhi vyote: pasi, maiti ya kadi,
leseni, kadi ya hospitali, karatasi za kodi,
na ile hati ya siku niliyotua,
iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikachoka.
Hata kadi ya maktaba ya Leamington ilichomoka humo;
akaisoma nayo.

"Siku ngapi nje?"
Arobaini na sita.
"Mbona nyingi?"
Nimweleze vipi arobaini kwa Kiingereza?
Arobaini ni mlango; ukiondoka kabla yake
mashangazi hawatakusamehe mpaka uzikwe wewe.
Nikasema: mazishi.
Akaandika neno fupi kuliko hilo.
"Una kitu cha kutangaza?"
Iliki, robo kilo, ya shamba la mama.
Akaufungua mfuko, akanusa
muda mrefu kuliko kazi inavyodai,
akaufunga.
"Kaishughulikie kadi yako."
Kizuizi kikainuka.

Njia ya Leamington usiku: mabanda ya vioo ya nyanya
yameipaka mbingu rangi ya papai bivu.
Hapo ndipo nilipolia.
Tumsifu akaongeza kipasha joto, kana kwamba ni baridi.

Leo nimekaa na fomu.
Orodhesha safari zote. Tarehe. Nchi. Sababu.
Wanataka siku mia saba na thelathini ndani ya miaka mitano;
ninazo, na za akiba ninazo.
Kisanduku cha sababu kina upana wa kidole gumba.
Kwanza niliandika "kumzika mama,"
lakini sikumzika, nilimkuta amezikwa,
na hapo chini wanataka saini kwamba yote ni kweli.
Nimefuta. Nimeandika "familia."
Nimeweka kopo la iliki juu ya karatasi isipeperuke,
nimekwenda kazini.