Kibendera Hakikupanda

Kibendera changu ni kipande cha pazia kuukuu,
rangi ya chungwa, nimekifunga kwenye mpini wa fagio.
Jumatatu hadi Jumamosi nashona viatu soko la Jericho.
Jumapili nashika mstari hapa Makongeni
kwa shilingi mia tatu na soda moja.
Matusi ni ya bure.

Watu hudhani naangalia mpira.
Mpira una watazamaji wa kutosha.
Mimi naangalia visigino.
Nakwenda ubavuubavu, sambamba na beki wa mwisho,
na sikio nimeliacha kule katikati
lingoje ule mlio wa mguu ukiachana na mpira: pu.
Hapo ndipo picha hupigwa.
Sheria haiulizi umefika wapi.
Inauliza ulikuwa wapi mwenzako alipokupa.

Tunasema ameotea.
Lugha hii ina ujanja wake: paka huotea panya,
mwizi huotea mwenye mshahara pale kwenye kivuko cha reli,
na aliyelala huota.
Nimewahi kuwaza kwamba straika ni hao wote
ndani ya jezi moja.

Dakika ya themanini na saba, bila kwa bila.
Shivachi, kijana wa gereji za Grogan,
grisi chini ya kucha hata siku ya Bwana,
amesimama katikati ya mabeki kama mtu anayesubiri chenji.
Watatu wakapanda pamoja, mikono juu,
wanalalamika kabla ya kukosewa.
Lakini Omwando, namba tatu, upande wa pili kabisa,
alikuwa ameinamia kamba ya kiatu.
Kiatu kile nilikishona mimi, Alhamisi.
Nikamwambia kamba hii imekwisha, akasema wiki ijayo.

Pu.

Kisigino cha Omwando kilikuwa karibu na goli
kumshinda Shivachi kwa shubiri moja.
Mkono wangu ukataka kupanda wenyewe,
mkono una mazoea, na uwanja mzima ulikuwa ukiunyanyua:
"Ameotea! We mzee, umelala?"
Nikaushika kwa mkono mwingine.

Basi wakabaki wawili,
Shivachi na kipa Kimotho,
na mita ishirini za vumbi zisizo na mwenyewe.
Kimotho akatoka. Hakukimbia ovyo,
alikuja ametanua mabega,
na kwa kila hatua goli likapungua nyuma yake
kama mkate katika nyumba ya watoto saba.
Kushoto palikuwa na nafasi.
Mimi niliiona. Mama wa njugu aliiona,
akasimama na karai lake.

Shivachi akageuza shingo.
Akaniangalia mimi.

Treni ya mizigo ilikuwa inapita, sikusikia kitu kingine.
Nilitaka kumpigia kelele, nenda,
lakini mshika kibendera hana mdomo.
Nikakielekeza chini zaidi, hadi kikagusa chokaa.
Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango wazi
na bado akapiga hodi.

Alipoukumbuka mpira, Kimotho alikuwa ameulalia
kwa kifua, kama anayemkinga mtoto na mvua.

Baadaye nikizungusha pazia kwenye mpini
akaja, soksi zimeshuka, goti moja lina damu.
"Mzee Ambundo, nilikuwa nimeotea?"

Ningeweza kumpa uongo mdogo.
Ndiyo moja tu, na usiku angelala.

"Hapana. Ulikuwa sawa."
"Sawa kabisa?"
"Kwa shubiri."

Akainua mkono, akaipima hewani,
kutoka gumba hadi kidole cha mwisho,
akaitazama.
Kisha akaondoka nayo hivyo hivyo,
vidole vimetanuka, havikunji,
hadi akavuka reli.