Unapiga Nini Hapo?

Saa moja na robo, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Nimechutama mbele ya ukuta wenye ufa,
jicho moja nimelifumba, la pili nimeligandisha,
na sauti ya kwanza inanidondokea kisogoni:
"Unapiga nini hapo? Mbona hakuna mtu?"

Nasema, ukuta.
Anautazama, ananitazama, anautazama tena
kama mkwe aliyeletwa bila taarifa.
"Huu wa Mzee Shekalaghe? Kwani umeuzwa?"

Kufika saa mbili habari imenitangulia mitaa mitatu:
yuko mtu wa manispaa, anapima nyumba, zinabomolewa.
Mama mmoja anatoka mbio na beseni.
"Ngoja kwanza nianue nguo za wanangu,
zisije zikaning'inia Ulaya zina viraka."

Kwenye kahawa hawana haraka, wanauliza kwa zamu.
Bei gani hilo dude?
Kwa bei hiyo si ungenunua pikipiki?
Na mkeo, anapika picha?
Kijana anaingiza mkono mfukoni, anatoa simu:
"Hii inapiga vizuri kuliko hilo lako. Na inapokea hela."
Wanacheka. Nacheka nao, ya kwangu imekauka,
naagiza kashata niwe na kitu cha kutafuna.

Stesheni, mlinzi ananyoosha rungu.
"Hapa hairuhusiwi."
Kwa nini, afande?
"Kwa sababu hairuhusiwi."
Tunatazamana. Reli nayo imelala juani, haina la kusema.
Kisha anashusha sauti:
"Lakini mimi unaweza. Subiri nivae kofia."

Haya yote nimeyazoea.
Nina majibu yake kama konda ana chenji:
hapana, si gazeti;
hapana, haioni ndani ya nguo;
ndiyo, hii ndiyo kazi;
ndiyo, mama anajua.

Ila jana, nikirudi Barabara ya Kumi na Mbili,
Bi Mwanasiti alinishika mkono wa shati.
Hakuuliza bei.
"Wewe ndiye uliyempiga fundi Mbwana,
mwaka ule wa mvua, hapa, na baiskeli zake?"
Nikasema, ndimi.
"Mwezi wa nne tulimzika. Ndani ya nyumba
hamna picha yake hata ya kitambulisho.
Nionyeshe."

Nikaitafuta. Nilijua iko wapi,
niliwahi kuitundika ukutani kwangu kwa majivuno:
gurudumu, spoku zikikatana na mwanga,
mnyororo mweusi wa grisi,
na mikono miwili, imeishia kwenye viwiko.
Nilikuwa nimesogea makusudi.
Sura, nilijiambia siku ile, sura kila mtu anapiga.

Akaisogeza simu karibu, akaiweka mbali,
akagusa kidole gumba kisicho na kucha.
"Huyu ndiye. Kucha hii ililiwa na mnyororo,
nikamfunga kwa khanga yangu."
Akatelezesha kidole juu ya kioo, juu, juu zaidi,
kama mtu anayevuta pazia lililokwama.
Picha haikupanda.
"Na kichwa," akaniuliza, "ulikiacha wapi?"

Miaka kumi na moja ninaulizwa maswali njiani.
Hilo sikuwa na chenji yake.

Baiskeli mbili zikapita, ya tatu ikapiga kengele.
Nikaanza kusema kitu kuhusu mwanga,
nikakiacha njiani.

Akanirudishia simu, akajifuta kidole kwenye upande wa khanga.
"Nisafishie hiyo hiyo. Kubwa.
Kichwa ninacho mwenyewe."

Mtoto wa jirani alikuwa amesimama muda wote,
kaptura imeshikwa na pini, muwa mdomoni.
"Na mimi nipige!"
Kwa kawaida huwa nasema, baadaye.
Nilirudi nyuma hatua moja,
nikarudi ya pili, mgongo ukagonga ukuta wa Shekalaghe,
mpaka ndala zake zote mbili zikaingia,
ya bluu na ya kijani.